Chupa ya Saba

Mama alifundisha hadithi sebuleni, Al Khuwair, ghorofa ya pili,
kila Jumatatu baada ya Alasiri,
wasichana sita, na mmoja kati yao akija kwa ajili ya visheti.
AC ikinguruma, naye akiipiku kwa sauti:
"Nani kakwambia? Naye kamsikia nani?
Walikutana wapi? Akili zake zilikuwa timamu?"
Asiyejua jina la babu wa msimulizi
alirudishwa mwanzo.

Mimi jikoni na jedwali langu,
chupa ishirini na moja za maji ya falaji
kutoka kijiji kimoja nyuma ya Izki,
ambako mgawa maji, Bwana Muhenna, aliniambia bila kupepesa:
mfereji huu walichimba majini,
kwa amri ya Nabii Suleiman, siku moja, jua halijatua.
"Na mashine yako," akauliza, "imesemaje?"
Nikamwambia, ngoja.

Mashine hupima umri wa maji.
Usicheke. Maji yana umri.
Mvua iliyonyesha baada ya wakubwa kujaribu mabomu yao angani
ina alama ndani yake,
kama nguo iliyofukizwa udi, huwezi kuificha.
Ya kabla ya hapo haina harufu hiyo.
Chupa ishirini zilitoa kauli moja:
maji makongwe,
yalianguka kabla ya kaburi lolote linalojulikana pale kijijini.
Chupa ya saba ikasema: juzi.

Nikaifuta.
Nilijiambia kizibo kililegea.
Nilijiambia ni mkono wa yule mwanafunzi, hana makini.
Nilijiambia mengi jioni ile, yote bila shahidi,
na jedwali likanyooka kama kanzu iliyotoka kwa dobi.

Wasichana walipoondoka Mama alikuja kuteka chai.
Kizungu hasomi, ila kuhesabu anajua.
Kidole chake, bado kina unga wa sukari, kikashuka kwenye kioo:
"Tano. Sita. Nane.
Saba yuko wapi?"

"Huyo haaminiki, Mama."
"Kasema nani?"
"Mimi."
"Ulimkamata akisema uwongo, au hakusema ulichokitaka?"

Nikapandisha sauti. Nikasema hapa si darasani kwako,
nikasema vipimo havina babu wala ukoo.
Akakoroga chai yake.
"Basi kama havina ukoo," akasema, "ndiyo maana umeviua kirahisi."

Nilirudi Izki mara mbili.
Nilitambaa shimo hadi shimo na tochi kichwani,
magoti yakachubuka, nikitafuta ufa
ambamo mafuriko ya wadi yangeweza kupenya.
Sikuuona. Pengine upo.
Bwana Muhenna aliniteremshia kahawa kwa kamba
na kusema, kwa upole wa mtu aliyeshinda: "Majini."
Sikumjibu. Nilikuwa na namba, sababu sikuwa nayo,
na yeye alikuwa na sababu tu.

Saba amerudi mahali pake.
Mbele ya jina lake nimeandika: sababu haijulikani.
Mama akataka niongeze, Mungu ndiye ajuaye zaidi.
Nikamwambia, jedwali halina nafasi ya maneno hayo.
"Lina ukingo," akasema.
Nikasema ndiyo, lina, hata sisi tunaandika pale
kiasi tunachoweza kuwa tumekosea, juu kidogo, chini kidogo.
"Si sawa," akasema haraka, hakutaka suluhu ya bei rahisi.
"Mimi nikilisema lile nainamisha kichwa. Wewe unakihesabu."
Sijapata bado la kumjibu.

Kisha akaichukua chupa, yaliyobaki ni kama fundo mbili,
akaitazama kwenye mwanga wa dirisha la jikoni:
"Mliyaonja?"
Hatuonji, Mama. Ni mwiko maabara.
Akanisukumia chupa mezani,
akaenda kutia udhu, Magharibi ilikuwa imeingia,
na mimi nikabaki nimeshika kizibo,
kimekaza vizuri, hakijalegea hata kidogo.